Kidonda Kinachouma na Kidonda Kisichouma



Wiki hii naweka mishono na vitambaa pembeni. Nataka tuzungumze kitu kidogo, pengine hakifiki ukubwa wa punje ya choroko, lakini kikikaa mdomoni hupati raha ya kula, ya kusema wala ya kucheka. Kidonda cha mdomoni.

Mimi si daktari. Nimesoma skuli mpaka kidato cha nne, nikajifunza ushoni, na sasa nina duka langu la kushonea. Lakini mwanamke mwenzangu yeyote mwenye duka la kushonea anajua kwamba pale ni baraza. Mtu anakuja kupimwa dera, anakaa, anaagiza chai, na mambo yote ya nyumbani yanatoka. Vidonda vya mdomoni nimevisikia mara nyingi mno katika baraza hilo, na karibu kila mara nasikia kosa lile lile: tunakiogopa kidonda kisicho na hatari, na kile cha hatari tunakipuuza. Watu wangu wawili wa karibu wamepita njia hiyo, mmoja kila upande. Nimewasindikiza hospitali, nimeuliza, nimesoma, na wote wawili wameniruhusu nisimulie, ila majina yao yanabaki kwangu.

Tuanze na kile kinachotupata wengi.

Kidonda cha kawaida

Kinakuwa cha mviringo. Katikati cheupe au cha njano, pembeni kimezungukwa na wekundu kama pindo. Kinakaa kwenye nyama laini: ndani ya shavu, ndani ya mdomo wa chini, chini ya ulimi, wakati mwengine kwenye ncha ya ulimi. Kwa kawaida hakifiki sentimita 1. Siku ya kwanza unahisi kama kitu kinachoma, siku ya pili au ya tatu ukitia ndimu kwenye mchuzi machozi yanakutoka. Baada ya wiki moja au mbili kinapona chenyewe bila kuacha kovu. Wapo wanaopata vikubwa zaidi ya hapo, na hivyo huchukua wiki nyingi kupona. Hao wanahitaji daktari.

Kitu cha kwanza cha kukishika: kidonda hiki hakiambukizi. Hakipiti kwa kikombe, kwa kijiko wala kwa busu. Si adhabu, si hasadi ya mtu, na si dalili kwamba umefanya uchafu.

Kinatokana na nini? Madaktari wenyewe hawajapata sababu moja. Wanachosema ni kwamba kinga ya mwili inaushambulia utando wa mdomo, na kuna mambo yanayokichochea:

Kujiuma shavu, jino lililovunjika lenye ncha, mswaki mgumu, meno ya bandia yasiyokaa sawa. Uchovu na mawazo. Siku zetu za mwezi, baadhi ya wanawake huvipata karibu na hapo kila mwezi. Upungufu wa madini ya chuma, wa vitamini B12 au wa foleti. Urithi, ukiona mama na khalati zako wote wanavyo, usishangae. Vyakula vikali, na hapa visiwani hatuna uhaba navyo: urojo wenye ndimu na pilipili, achari, embe mbichi, nanasi. Na dawa ya meno. Nyingi zina kitu cha kutoa povu ambacho kwenye paketi kimeandikwa kwa herufi SLS au kwa jina refu linaloanza na "sodium lauryl". Kuna watu kinawasumbua. Ukiwa unapata vidonda mara kwa mara, jaribu dawa ya meno isiyo na kitu hicho kwa miezi michache uone.

Wasichana wa kazi yetu nawaambia jambo jengine. Fundi anabana pini tatu nne mdomoni huku anapanga kitambaa, na uzi anaukata kwa meno. Pini inachoma mdomo kwa ndani, uzi unachana ufizi, na hapo ndipo kidonda kinapoanzia. Zaidi ya hivyo, ukipiga chafya na pini mdomoni, pini inaweza kuingia kooni. Kijimto cha pini cha kufunga mkononi unakishona mwenyewe kwa vipande vilivyobaki.

Binti aliyetengwa kikombe

Nilikuwa na binti namfundisha kazi, ana miaka 19 wakati huo. Mtulivu, mkono wake mwepesi kwenye kudarizi. Kila mwezi anavimba mdomo. Akipona viwili, vinatoka vitatu. Akaacha kula na wenzake mchana.

Siku moja nikaona kikombe chake kimewekwa peke yake juu ya dirisha. Wenzake wamekitenga. Nikauliza, wakanyamaza, halafu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Dada, watu wanasema ana ule ugonjwa." Na mteja mmoja, mtu mzima kabisa, alikuwa amekwishalipeleka neno hilo mpaka kwa mama wa kijana aliyekuja kuposa.

Nilimwita binti nyuma ya duka, tukakaa kwenye marobota ya kitambaa. Nikamuuliza kama mdogo wangu: unakula vipi, unalala vipi, siku zako zikoje? Hapo akasema. Siku zake zilikuwa zinakaa siku tisa, nyingi mpaka anaogopa kutoka nje. Akipanda ngazi anatweta. Anatafuna barafu kutwa, na anakunywa chai ya rangi asubuhi, mchana na jioni.

Tukaenda kituo cha afya na mama yake. Wakampima wingi wa damu: 7.8. Mwanamke ambaye si mjamzito anatakiwa asipungue 12. Alipimwa na virusi vya ukimwi, kwa ridhaa yake, hakuwa navyo. Na nataka nilisemee hili: hata angekuwa navyo, kikombe kile kisingestahili kutengwa. Virusi hivyo havipiti kwa kikombe. Na mwenye navyo siku hizi anameza dawa, anaolewa, anazaa, anaishi. Aliyemharibia binti wa watu posa kwa sababu ya kidonda cha shavuni alikuwa hajui chochote alichokisema.

Binti alipewa vidonge vya madini ya chuma, na akaangaliwa kwa nini damu yake ya mwezi ni nyingi. Daktari alimwambia vidonge asivimeze na chai, kwa sababu chai inazuia chuma kuingia mwilini. Avimeze na maji, na akipata chungwa au juisi ya ndimu ni bora zaidi. Akamwambia asishtuke choo kikiwa cheusi. Nyumbani mama akaongeza maini, dagaa, kunde na mchicha. Ilichukua miezi, si siku. Vidonda havikwisha kabisa, lakini kutoka kila mwezi vikawa mara moja au mbili kwa mwaka. Na kutafuna barafu kuliisha kwenyewe. Kumbe ile hamu ya barafu nayo ni alama ya upungufu wa chuma.

Kwa hiyo, mama mwenye binti, vidonda vinavyorudi rudi usivimalizie kwenye kupaka dawa. Omba apimwe damu. Na mtu mwenye vidonda mdomoni, vyengine sehemu za siri, na macho yanakuwa mekundu na kuuma, aende hospitali haraka, ataje yote matatu bila haya. Kuna ugonjwa unaoitwa Behçet, kwa jina la daktari wa Uturuki aliyeuandika mwaka 1937, ambao unakuja hivyo na unaweza kuharibu macho.

Vinavyofanana lakini si kimoja

Vilengelenge vya homa. Hivi vinatoka nje, kwenye mdomo wenyewe au pembeni yake. Kwanza unahisi mwasho na moto, halafu vinakuja vilengelenge vya maji vimekaa pamoja, vinapasuka, vinafanya gaga. Vinaletwa na kirusi kinachoitwa hepesi aina ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 3 walio chini ya miaka 50 wanacho, na wengi walikipata wakiwa watoto. Kinalala mwilini, mtu akipata homa, jua kali au uchovu kinaamka. Tofauti na kidonda cha kwanza, hiki kinaambukiza, hasa wakati vilengelenge vina maji.

Hapa naomba sana, hasa kwenye akika na ziara za wazazi. Mwenye kilengelenge mdomoni asimbusu mtoto mchanga. Kirusi hiki kwa mtoto wa siku chache kinaweza kuingia mpaka kwenye ubongo na kumuua. Mzazi asione haya kusema, "Samahani bibi, leo tumuombee dua tu bila kumbusu." Na mgeni asikasirike. Kuna dawa ya krimu na ya vidonge inaitwa asiklovia. Inafaa zaidi ikianzwa pale pale mwasho unapoanza.

Utando mweupe. Huu ni fangasi. Unaonekana kama maziwa yaliyogandia kwenye ulimi na mashavu. Kwa mtoto mchanga, pitisha kitambaa laini chenye maji: maziwa yanafutika bila tabu, utando unang'ang'ania, na ukitoka unaacha wekundu. Hutibiwa kwa matone au jeli ya fangasi, na mama anayenyonyesha anaangaliwa chuchu zake naye, la sivyo wataambukizana kila siku. Mtu mzima akiupata, kuna sababu nyuma yake: kisukari kisichodhibitiwa, kumeza antibiotiki kwa muda, meno ya bandia anayolala nayo, pampu ya pumu isiyofuatwa na kusukutua maji, au kinga ya mwili iliyoshuka. Mtu mzima mwenye utando mweupe apimwe sukari na apimwe virusi. Ajue hali yake, apate dawa, aendelee na maisha.

Kuchanika pembe za mdomo. Wengi tunasema ni joto, tunapaka mafuta. Mara nyingi ni mate yanayokaa pale, fangasi au bakteria, na nyuma yake upungufu wa chuma au vitamini B. Kulamba lamba kunazidisha.

Dawa za nyumbani, kwa kipimo

Chumvi ndiyo rafiki wa kwanza. Nusu kijiko cha chai kwenye gilasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua, tema, mara kadhaa kwa siku. Haitibu haraka, lakini inasafisha na kutuliza. Mtoto mdogo ambaye hajui kutema asipewe.

Asali kidogo juu ya kidonda inatuliza pia, isipokuwa kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1. Huyo asali haimfai hata kidogo, ina vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kupambana navyo.

Mafuta ya karafuu. Haya ni yetu, kule Pemba yanachemshwa hata kutoka kwenye makonyo yake. Yanafanya ganzi kweli na madaktari wa meno wanalijua hilo. Lakini mafuta yenyewe matupu yanaunguza utando wa mdomo. Nimeona shavu lililobabuka kwa sababu mtu alilowesha pamba akaibana usiku kucha. Na kidonge cha aspirini ambacho watu wanakibandika kwenye ufizi jino likiuma, nacho kinaunguza, kinaacha nyama nyeupe inayobanduka. Aspirini inamezwa, haibandikwi.

Ndimu na chumvi, pilipili, siki: kukiunguza kidonda si kukitibu. Maumivu hayo hayaui kitu chochote ndani yake.

Na antibiotiki. Kuna duka la dawa, silitaji, lililomuuzia jirani yangu vidonge vya antibiotiki kwa kidonda cha kawaida. Kidonda hiki hakitokani na bakteria, kwa hiyo vidonge havikukisaidia. Vilimletea utando mweupe juu yake, akawa na maradhi mawili. Dawa za kupaka zenye kupunguza uvimbe zipo, na dawa za kusukutua zipo, lakini akupe anayejua anakupa kwa nini.

Mwezi wa Ramadhani

Wengi wananiambia vidonda vinawatoka Ramadhani. Mdomo unakauka mchana kutwa, usingizi unapungua, futari inaanza na vya kukaanga na vyenye ndimu. Maji yanywe kidogo kidogo tangu futari mpaka daku, usiyamalize kwa mkupuo mmoja. Piga mswaki baada ya daku na kabla ya kulala. Msuwaki wa mti ni sunna na unasafisha vizuri, ila ncha yake ikikauka inakuwa kama miiba, inachana ufizi. Ikate ncha ile, itafune upya mpaka iwe laini. Kuhusu dawa ya kusukutua au kupaka mchana wa kufunga, muulize mwanachuoni unayemuamini. Daktari naye muombe akupangie dawa iwe ya usiku, mara nyingi inawezekana.

Bibi wa inchi 44

Sasa nafika kwenye kile kisichouma.

Katika daftari langu la vipimo kuna bibi mmoja ambaye nguo zake za Idi nazishona miaka yote. Kifua inchi 44. Mwaka ule bintiye alimleta wiki mbili kabla ya Idi. Nikapitisha tepu, 39. Nikapima tena nikidhani tepu imejikunja. 39.

"Shikamoo bibi, mbona umekwisha hivi? Unakula?"

"Marahaba mwanangu. Nala uji. Chakula kigumu kinanikataa."

"Kinakukataa kooni au mdomoni?"

"Mdomoni. Kuna kijidonda hapa, lakini hakiumi. Jino tu linanigusa."

Bintiye akaruka, "Kidonda gani, mama? Tangu lini?" Bibi akafikiri, akasema tangu kabla ya mfungo sita. Tulikuwa tunaelekea Idi kubwa. Ilikuwa imepita miezi kadhaa, na hakumwambia mtu kwa sababu hakiumi, na kisichouma mtu hakisemi.

Bibi alikuwa mlaji wa tambuu tangu ujana wake. Kijaluba chake anacho mkobani: majani, popoo, chokaa, katu, na tumbaku. Tambuu alikuwa akiliweka shavu la kushoto, na kidonda kilikuwa shavu la kushoto. Nilipomulika kwa tochi ya simu niliona pahala pamenyanyuka pembeni, pagumu, na kulizunguka ngozi nyeupe isiyofutika. Mdomo wenyewe ulifunguka kwa upana wa vidole viwili tu. Mtu mzima kwa kawaida huingiza vidole vyake vitatu.

Tukampeleka. Daktari alikata kipande kidogo cha nyama kikaenda maabara, na majibu yakarudi: saratani. Akavushwa Dar es Salaam, akafanyiwa upasuaji wa shavu, kisha mionzi. Alhamdulillah yu hai, anasali, anawakemea wajukuu. Lakini maneno yake hayatoki kama zamani, chakula chake ni cha kusagwa, na nguo zake nazishona kwa inchi 37. Daktari alimwambia bintiye kwamba kidonda kile kingeonekana mwezi wa kwanza, pengine ingekuwa kazi ndogo.

Tambuu ni mila yetu, lipo kwenye harusi na kwenye mazungumzo ya bibi zetu, na mimi sipendi kumdharau mtu mzima kwa desturi aliyokuta. Lakini ukweli usemwe. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilikwishatangaza tangu miaka ya 1980 kwamba tambuu lenye tumbaku linasababisha saratani. Mwaka 2004 likachapisha kwamba hata lisilo na tumbaku, na hata popoo peke yake, vinasababisha. Kwa hiyo kusema "mimi langu halina tumbaku" si kinga. Ugoro wa kuweka mdomoni na vile vipaketi vya popoo vinavyouzwa madukani ni mlango ule ule. Sigara na pombe navyo vimo.

Hesabu siku

Kipimo si maumivu. Kipimo ni siku. Siku unayokiona kidonda, andika tarehe, hata kwenye simu. Wiki mbili zikipita na hakijapona, nenda kwa daktari wa kinywa na meno, kiume au kisiume. Usingoje mwezi.

Usingoje hata hizo wiki mbili ukiona haya: uvimbe mgumu mdomoni au shingoni, doa jekundu au jeupe lisilofutika, damu inayotoka bila sababu, jino linalolegea lenyewe, ganzi ya mdomo au ulimi, tabu ya kumeza, mdomo unaokataa kufunguka, au kukonda. Anza kituo cha afya cha karibu. Wakiona haja watakuandikia uende Mnazi Mmoja. Ukiambiwa unakatwa kipande kidogo cha nyama cha kupima, usikimbie. Wapo wanaosema saratani ikiguswa na chuma inatawanyika. Si kweli. Kipande kile ndicho kinachosema ni nini na kitibiwe vipi.

Kwa watoto, hesabu masaa badala ya siku. Mtoto mwenye vidonda vya mdomo anayekataa kunywa, asiyekojoa, au mwenye homa kali, apelekwe siku ile ile, kwa sababu anakaukiwa maji upesi. Na mtoto aliyedhoofika, hasa baada ya surua, ufizi wake ukiwa na kidonda chenye harufu mbaya na shavu linavimba, ni dharura. Ugonjwa huo unaitwa noma, unakula uso kwa siku chache, na ukiwahiwa unatibika.

Nakuomba kitu kimoja cha kufanya mwezi huu. Baada ya sala ya asubuhi, pale penye mwanga, simama mbele ya kioo. Vuta mdomo wa juu, vuta wa chini, fungua mashavu yote mawili, nyanyua ulimi, utoe, angalia kando zake kulia na kushoto. Kama unavaa meno ya bandia, yatoe kwanza. Haichukui dakika mbili. Halafu mfanyie mama yako, bibi yako, shangazi yako, hasa wenye kijaluba. Nenda kwa heshima, mwambie, "Bibi, niangalie meno yako kidogo." Wengi watafurahi kwamba kuna mtu amewaangalia.

Na ukimwona mwenzio mdomo umevimba, usilipeleke neno nyumba ya pili. Muulize yeye, muulize pembeni, na ukiweza msindikize. Binti yule wa kikombe posa yake ilivunjika. Ameolewa kwengine, mume mwema, na nguo ya harusi alijishonea mwenyewe. Lakini alilia miezi, na kilio kile hakikuletwa na kidonda.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, wanaoumwa kwa sauti na wanaoumwa kwa kunyamaza. Wiki ijayo inshaallah tutarudi kwenye kitambaa: nitawaonesha jinsi ya kukata dera lisilokuvuta mabegani.

Wabillahi tawfiq.